Kengele Niliyoiacha Mdomo Juu

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua kosa langu ni moja tu, na mnajua ni lipi. Kwa yule anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nalirudia kwa kifupi, maana hata kuliandika kunaniuma.

Naitwa Thirza Hembrow. Kwetu ni Sallowmoor, kijiji cha mabonde ya maji huko Somerset, Uingereza. Baada ya shule ya kijiji sikwenda kwingine. Niliingia moja kwa moja kwenye banda la kuambua fito za vikapu. Starehe yangu ilikuwa moja: kupiga kengele kanisani.

Kengele zetu ni sita, kila moja na kamba yake na mtu wake. Kengele kubwa inabembezwa kidogo kidogo mpaka inasimama mdomo juu, na hapo ndipo inapolia vizuri. Mkimaliza mnaishusha. Lazima. Kengele iliyoachwa imesimama ni mtego. Asiyejua akivuta kamba, mzigo wote ule wa shaba unapinduka huko juu, na kamba inamrusha mtu kama paka.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka niliingia mnarani peke yangu. Nikafunga ulimi wa kengele ya tano, moja ya zile nzito, kwa soksi yangu ili isisikike, nikaipandisha. Nilitaka kujua kama mwanamke anaiweza. Niliiweza. Kuishusha ndiko kulikonishinda, mikono ilikuwa imekwisha. Nikaiacha imesimama, nikasema nitaidamkia kabla ya watu. Nikapitiwa na usingizi.

Ivor Meaker, mtoto wa kiongozi wetu, alifika kabla yangu. Akavuta. Nyonga ikavunjika.

Lawama ilimwangukia mzee Jabez Tincknell, mtunza mnara, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kengele zote zimeshuka. Wakamfukuza kikundini baada ya miaka hamsini na moja, akahama kijiji. Mimi nikanyamaza. Nikaenda kumwuguza Ivor. Na Ivor akanipenda.

Hapo ndipo tulipofikia. Sasa nisikilizeni ya Jumamosi ile ya Agosti.

Kila mwaka wapiga kengele tunakodi basi, tunakwenda kupiga kengele za watu wengine. Mwaka ule ilikuwa zamu ya mji wa Wells, kwenye kanisa kuu lenyewe. Kule kengele ni kumi, kwa hiyo tuliazima watu watano wa vijiji vya jirani ili tutimie. Watano wetu, watano wao. Na mimi nilikuwa mmoja wa wale kumi, mwanamke peke yangu.

Ivor alikuja pia, na magongo yake mawili. Alikaa pembeni yangu.

"Kesho kasisi anatutangaza," akaninong'oneza.

"Kesho? Si tulisema baada ya mavuno?"

"Nimezungumza na baba. Ya nini kungoja? Tunatangazwa Jumapili tatu, asipotokea wa kupinga, umekwisha wewe."

"Mimi napinga!" Wilf Puddy alidakia kutoka kiti cha nyuma. Masikio ya mtu yule hayana mlango. "Nilionja keki ya binti huyu siku ya Utatu. Mpaka leo jino langu halijarudi."

Basi zima likacheka. Hata mzee Reuben Meaker, baba yake Ivor, alicheka, na yeye kucheka kwake ni kama mvua ya jangwani.

"Mwache mkwe wangu, Wilf," akasema. "Keki atajifunza. Moyo haufundishwi."

Nikatazama nje. Mitaro ya maji ilikuwa inapita, na ng'ombe.

"Unajua," Ivor akasema pole pole, "kuna siku karibu nimshukuru yule Jabez. Asingeiacha ile kengele, nisingekupata."

"Usimshukuru."

"Nimesema karibu. Nikimwona nitamtemea mate."

Tulifika Wells saa tano. Ivor, nyonga ilikuwa inamsumbua, akabaki kwenye majani mbele ya kanisa, na mkate wake na jibini na chupa ya pombe ya tufaha. Sisi wengine tukaingia ndani kutazama saa ya ukutani, ile yenye wapanda farasi wa mbao. Kila robo saa wanazunguka, na kila wakizunguka ni mmoja yule yule anayeangushwa.

"Maskini," Wilf akasema. "Kila robo saa anapigwa chini, na kila robo saa anarudi. Kama mimi na mke wangu."

Kutoka hapo tukaenda kwenye mfereji unaozunguka nyumba ya Askofu, kuwatazama bata maji. Bata maji wa pale wamefundishwa. Wakitaka chakula wanavuta kamba iliyoning'inia dirishani, kengele inalia, mtu anawatupia mkate.

"Reuben, mwandikishe huyo!" Wilf akapiga kelele. "Anapiga kwa wakati kuliko Thirza, na hahitaji keki!"

Hakuna aliyecheka. Nikageuka kutazama kwa nini.

Mzee Jabez alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua kumi kutoka kwetu, na mkate mkavu mapajani. Nilisikia kwamba kanisa limempa chumba katika nyumba za wazee, lakini sikujua ni mji gani. Kumbe ni huu.

Alivua kofia. "Habari zenu, watu wa Sallowmoor."

"Twendeni," mzee Reuben akasema. "Hapa pananuka."

Wakaondoka wote. Nilitembea nao hadi kwenye lango, nikasema nimeangusha glavu yangu, nikarudi mbio.

"Mzee Jabez."

"Thirza. Umekonda."

"Na wewe?"

"Mimi nalishwa. Nyama Jumapili, samaki Ijumaa, na kitanda kando ya dirisha. Ila nasikia kengele zinapigwa na watu nisiowajua. Hilo ndilo gumu."

Miezi minne nilikuwa nimejipangia maneno ya kumwambia. Yote yakanikimbia.

"Mzee, ile kengele..."

"Ilikuwa soksi ya kijivu," akasema. "Ina kiraka kisiginoni, kimeshonwa kwa uzi mweusi."

Nikakaa.

"Ulijua?"

"Baada ya ajali, nani alikuwa wa kwanza kupanda juu kukagua? Si mimi? Nikaikuta kwenye ulimi wa kengele. Fundo mara mbili, halafu ncha imelazwa ndani. Fundo lile nimemfundisha mtu mmoja tu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akawatupia bata maji kipande cha mkate. Wakagombana, akangoja watulie.

"Nilikuwa nakungoja useme. Nilikungoja Pasaka yenyewe. Nikakungoja Jumatatu. Siku waliponiita kikaoni, ulikuwa umekaa karibu na mlango, nikakuangalia. Nikasema moyoni, sasa hivi anasimama. Hukusimama. Basi. Mtu ukishangoja kiasi kile, ukija kusema inakuwa umbea."

Angenipiga ingekuwa nafuu.

"Na soksi iko wapi?"

"Nimeitia motoni. Imeungua."

"Leo nitasema. Leo hii, mbele ya wote."

"Hutasema kitu. Kesho mnatangazwa. Wilf keshamwambia mpaka muuza magazeti." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kunifundishia. "Nina miaka sabini na moja, Thirza. Kengele zangu nimeshazipiga. Wewe olewa. Ila nina ombi moja."

"Sema, mzee."

"Mtakapopiga saa tisa nitapanda kukaa kwenye benchi. Wenyeji wa mnara wananiruhusu. Kamba sitagusa. Nataka tu kusikia watu wa kwetu wakipiga. Reuben akinitazama vibaya, wewe nitazame vizuri. Hilo tu."

Nikamwahidi. Nilijua ni ahadi ndogo, nikaona aibu kwa jinsi ilivyonifurahisha kuwa ndogo.

Saa tisa kasoro tukapanda. Ngazi za mnara ule zinazunguka na kuzunguka mpaka kichwa kinazunguka nazo. Ivor alibaki chini kwenye majani. Miezi minne nyuma angepanda mbio na mimi ningemfuata kwa taabu.

Chumba cha kamba kilikuwa kipana. Kamba kumi zimening'inia kwa duara. Mwenyeji wetu, mtu mfupi mwenye masharubu, akatuonyesha ipi ni ipi. Mimi nilipewa ya tatu, nyepesi.

"Mna nusu saa," akasema. "Saa tisa na nusu kamili mnashusha, kuna ibada."

Ndipo mlango ukafunguliwa, mzee Jabez akaingia, kofia mkononi, akakaa kwenye benchi pembeni.

Mzee Reuben aliachia kamba yake.

"Huyu anatafuta nini?"

"Mzee huyu hukaa hapa kila Jumamosi," mwenyeji akasema. "Hana neno na mtu."

"Ana neno na mimi. Amemlemaza mwanangu. Nishike kamba mbele ya macho yake? Ashuke."

"Reuben," Wilf akasema, na mara hii hakuwa anatania, "mzee amekaa tu."

"Basi akikaa yeye, nashuka mimi, na watu wangu wote."

Mwenyeji akatutazama kama watu waliokuja kugombana kwenye sebule yake. Mzee Jabez akanyanyuka. Hakuivaa kofia, aliishika tu mkononi. Alipita mbele yangu na hakunitazama. Hakunitazama makusudi, ili nisilazimike kumtazama.

Ahadi ndogo ile, na bado ilikuwa inanishinda.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyeelewa. Nikarudia.

"Niliyeiacha kengele ya tano ni mimi. Nilikwenda Jumamosi usiku peke yangu, nikaipandisha, nikashindwa kuishusha. Mzee Jabez hahusiki."

Mzee Reuben alinijia, akaniwekea mkono begani. Mkono wenye upole! Huo ndio ulionimaliza.

"Binti yangu," akasema, "huruma yako ndiyo iliyomwinua mwanangu kitandani. Lakini usimmwagie huruma hiyo mtu asiyestahili. Ya tano uipandishe wewe, peke yako? Wilf mwenyewe haiwezi bila kutukana."

"Kweli kabisa," Wilf akasema.

"Nilifunga ulimi wake kwa soksi yangu, ndiyo maana hamkusikia."

"Soksi hiyo iko wapi?"

Nikamtazama mzee Jabez. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye komeo.

"Soksi gani?" akasema. "Sikuona soksi. Binti anasema uongo, Reuben, ana moyo mwepesi. Kengele niliiacha mimi. Nilisahau. Uzee."

Miezi minne mzee yule hakuwahi kukiri. Walimtukana, wakamfukuza, akanyamaza. Ule ulikuwa uongo wake wa kwanza, na aliusema kwa ajili yangu.

"Mmesikia wenyewe," mzee Reuben akasema. "Amekiri. Sasa ashuke, tufanye kilichotuleta."

"Nipe kamba ya tano," nikasema.

"Thirza..." mzee Reuben akaanza.

"Nipe ya tano ya hapa, niipandishe mbele yako. Nikishindwa, mimi ni mwongo, na sitalitaja jambo hili tena maishani."

Mwenyeji akajikuna masharubu. "Ya tano hapa si mchezo, dada."

"Ya kwetu pia haikuwa mchezo."

Mzee Reuben akamwashiria aliyeishika ya tano aniachie.

Nikashika kamba. Na nilipoishika tu ndipo nilipoona nilichokifanya. Kumbe nilikuwa nimejifungulia mlango mzuri kuliko yote. Nisingehitaji hata kudanganya. Ningelegeza mikono kidogo tu, kengele ingegoma katikati, watu wangenisikitikia, na kesho kasisi angesoma jina langu na la Ivor mbele ya kanisa. Hakuna mtu duniani ambaye angejua, isipokuwa mzee mmoja aliyekwisha kuniruhusu.

Nikavuta.

Kengele ikaanza kulia haraka haraka, sauti ndogo ya kugombeza, kama inavyolia ikiwa bado chini. Nikavuta tena. Tena. Mzee Jabez alinifundisha kwamba wanaume wengi wanashindwa na kengele kwa sababu wanapigana nayo. Inatakiwa uingoje ikujie yenyewe, halafu uisukume pale pale inapochoka. Mimi kungoja naweza. Kungoja ndiyo kitu pekee ninachokiweza.

Sauti ikaanza kupunguza mwendo. Kamba ikawa inapanda juu zaidi kila mara, inanivuta hadi kwenye ncha za vidole vya miguu. Viganja vilikuwa vinaungua.

"Legeza, mwanangu," mzee Jabez akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini.

Nikamwona mzee Reuben. Upole ulikuwa umeshamtoka usoni.

"Legeza, Thirza. Inatosha," mzee Jabez akarudia.

Nikaingoja. Ikaja. Nikaisukuma. Ikalia mara moja nzito, ikapanda, ikasimama mdomo juu, ikatulia.

Wilf alifungua mdomo, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaufunga bila kusema kitu.

Mzee Reuben alikwenda akakaa kwenye benchi, pale pale alipotoka mzee Jabez. Alikaa kama mtu aliyeambiwa akae.

"Ulikuwa unanishika mkono," akasema. "Kando ya kitanda chake, tunaomba. Ulikuwa unanishika mkono."

"Ndiyo, mzee."

"Usiniite mzee."

Mwenyeji akakohoa. "Jamani, dakika zenu zinakwenda."

Mzee Reuben akanyanyuka. Akarudi kwenye kamba yake, akaishika, na bila kugeuka akasema, "Jabez. Kamba ya tatu haina mtu."

"Reuben, sina hakika kama mikono hii..."

"Nimesema kamba ya tatu haina mtu." Kisha kwangu, na kwangu pia hakugeuka: "Wewe shuka. Kamwambie Ivor mwenyewe kwa mdomo wako. Tukimaliza hapa nakuja, na nikukute umeshamwambia."

Nilipishana na mzee Jabez karibu na mlango. Alikuwa analia, na alikuwa ananikasirikia, vyote pamoja.

Nilishuka ngazi zile nikishika ukuta. Nilikuwa sijafika nusu, kengele zikaanza juu yangu, zote, mpaka mawe yakawa yanatetemeka chini ya mkono.

Ivor alikuwa amekaa kwenye majani, ameegemea ukuta, uso ameuelekeza juu kwenye mnara. Aliponiona akacheka kwa furaha.

"Thirza! Ile ya kwanza, iliyopanda peke yake, ilikuwa nani? Nimesikia kengele nyingi, sijasikia inayopandishwa hivyo. Imepanda kama moshi."

"Ivor..."

"Mbona umeshuka? Umeumwa?" Kisha akainua kidole. "Ngoja."

Akasikiliza. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Kumi," akasema. "Zinalia zote kumi. Mlikuwa kumi pamoja na wewe. Nani kashika kamba yako?"

Hakuhitaji jibu langu. Aliyemfundisha Ivor kushika kamba akiwa na miaka kumi ndiye aliyenifundisha mimi, na mkono ule anaujua kama anavyojua hatua za baba yake akiingia nyumbani. Niliona anautambua. Kicheko kikaondoka usoni mwake taratibu.

"Ni Jabez."

"Ndiyo."

"Baba kampa kamba? Baba yangu?"

Akashika magongo, akajaribu kusimama haraka, nyonga ikamkatalia. Nikamdaka chini ya kwapa, kama nilivyomdaka kila siku kwa miezi minne, nikamwinua. Uso wake ukawa karibu kabisa na wangu.

"Baba asingempa mtu yule kamba hata kwa bunduki," akasema. "Thirza, wamejua nini huko juu ambacho mimi sikijui?"

Kengele zilikuwa bado zinalia. Mkono wangu ulikuwa bado kwapani mwake, na uzito wake wote ulikuwa juu yangu. Ningeuondoa, angeanguka.

Niliuacha hapo hapo, nikafungua mdomo.